Nataka kumwita jukwaani mwenzangu niliyemwacha

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamuziki wa roki. Naimba na kupiga gitaa la rithimu katika bendi ambayo kwa miaka mitatu hii imepata jina kuliko nilivyowahi kuota. Mwezi ujao tunafunga ziara yetu kwa tamasha katika mji niliozaliwa. Sijapiga pale tangu niondoke, miaka kumi na mmoja sasa. Mara ya mwisho tulipiga mbele ya watu wasiozidi arobaini, nusu yao ndugu zetu. Safari hii ni uwanja wa mpira na tiketi zimekwisha.

Ningepaswa kufurahi, lakini usiku silali.

Tulianza wawili, mimi na rafiki yangu niliyesoma naye. Mazoezi tulifanyia stoo ya nyumba yao, magodoro tumeyatundika ukutani ili majirani wasitufukuze. Amplifaya ilikuwa moja. Akichomeka gitaa lake, mimi nasubiri. Ukweli ni kwamba fundi alikuwa yeye; mimi nilikuwa na sauti, na mdomo. Nilipopata nafasi ya kwenda kurekodi mbali, prodyuza akasema anamtaka mwimbaji tu, mpiga solo anaye. Nikakubali. Rafiki yangu nilimwarifu kwa ujumbe wa simu, nikiwa tayari nimekaa kwenye basi. Hakujibu, nami sikuandika tena.

Sasa nimepata wazo. Katikati ya shoo, kabla ya wimbo wetu uliovuma, taa zote zizimwe, nibaki mimi na maikrofoni. Niwasimulie watu habari zake, niombe msamaha mbele ya wote, kisha taa moja immulike pale alipokaa na nimwite apande. Gitaa lake la zamani, ambalo alimwachia dada yangu, litakuwa limesimamishwa jukwaani linamsubiri. Itapendeza hasa kwa sababu ule mlio wa mwanzo wa wimbo, ambao watu wakiusikia tu wanaanza kelele, aliutunga yeye kule stoo. Nota ya tatu inapinda kidogo. Watu wanadhani ni mbwembwe, kumbe skrubu ya kukazia uzi wa tatu ilikuwa imelegea na hatukuwa na pesa ya nyingine. Studio tukauiga mlio wote, pamoja na kule kupinda.

Meneja amelipenda wazo mno, anataka tuongeze kamera. Dada yangu ndiye anayenikataza. Alimpelekea rafiki yangu tiketi bila kumweleza lolote. Anasema aliipokea, akasema ahsante, akaiweka juu ya redio aliyokuwa akiitengeneza, akaendelea kulehemu waya. Ndiyo kazi yake siku hizi, anatengeneza redio.

Mengine ni madogo. Watu wa mtaani kwetu wananung'unika kwamba tiketi zimechukuliwa na watu wa mbali. Kila ninayemfahamu anataka kuingia bure, na wanamsumbua dada yangu. Mama anataka kukaa mbele kabisa. Na kuna mwalimu mmoja aliyeniambia mbele ya darasa kwamba gitaa ni kazi ya wavivu. Natamani nimtaje jina nikiwa na maikrofoni mkononi, angalau mara moja maishani.

Nifanye hivyo nilivyopanga, au dada ana haki?

Wako,
Asiyelala

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilikwama palepale. Siyo kwenye taa wala kwenye hilo gitaa linalosubiri. Ni pale uliposema mlio wa mwanzo aliutunga yeye, kisha ukapita zako kana kwamba umetaja rangi ya shati. Nikakuandikia kukuuliza ni nani walioandikishwa kuwa watunzi wa wimbo. Ukanijibu kwa maneno manne: "Mimi na prodyuza wangu."

Basi tuanzie hapo, maana tamasha lako ni jambo la pili.

Kabla sijawa shangazi wa watu nilikaa miaka mingi kwenye milango ya kumbi nikikata tiketi, na baadaye kwenye meza ya promota nikijaza fomu. Fomu mojawapo ilikuwa ya orodha ya nyimbo zilizopigwa usiku ule. Wanamuziki wengi huisaini bila kuitazama. Fomu hiyo hupelekwa kwa chama kinachokusanya mirabaha, mwandaaji hulipia kibali cha kutumia nyimbo, na pesa ile hugawiwa watu walioandikishwa kuwa watunzi. Aliyepiga gitaa hulipwa ujira wake wa usiku, aliyetunga hulipwa kwa sababu kazi yake imetumika. Ni mifuko miwili tofauti, na hata mtunzi akiwa amelala kwake, wa pili hujaa.

Sasa jitazame kwenye uwanja wako. Umati unauimba ule mlio kwa midomo, pamoja na nota ya tatu iliyopinda. Yeye amesimama kwenye mwanga, anapigiwa makofi, wewe unafuta machozi. Na mirabaha ya dakika zilezile inakwenda kwako na kwa prodyuza. Ukimpandisha kabla hujarekebisha hilo, utakuwa umemwazima mtu mali yake mwenyewe kwa dakika tano, kisha ukaichukua.

Kuna kesi moja ambayo watu wa fani yenu wanapaswa kuijua kama wanavyojua kufunga nyuzi. Mwaka 1967 bendi ya Uingereza iitwayo Procol Harum ilitoa wimbo uliovuma dunia nzima, na kinachokumbukwa na wengi ni kinanda kile cha mwanzo. Aliyekipiga ni Matthew Fisher. Jina lake halikuwamo kwenye orodha ya watunzi. Alikwenda mahakamani mwaka 2005, baada ya miaka 38. Mwaka 2006 jaji akampa asilimia 40 ya hakimiliki ya muziki. Mahakama ya rufani ikambakishia sifa ya utunzi na kumnyima pesa. Mwaka 2009 mabwana wa mahakama ya juu kabisa wakamrudishia fungu lake, wakisema sheria ya Uingereza haina ukomo wa muda kwa dai la namna hiyo. Hata hivyo fungu lilihesabiwa tangu alipodai, yaani 2005. Ile miaka ya nyuma ilikwenda hivyo hivyo.

Sikutishi kwa mahakama. Na si kila aliyekwaruza gitaa studio ni mtunzi. Hapo wanasheria wana ugomvi wao usiokwisha. Lakini mlio wako si pambo la pembeni. Umeandika kwa mkono wako kwamba watu wanaanza kelele wakiusikia "tu". Wimbo unatambulikana kwa mlio huo, na mwenyewe unamfahamu hadi skrubu iliyolegea.

Nadhani hilo ndilo linalokunyima usingizi. Kumwacha mwenzako kwa ujumbe wa simu ukiwa kwenye basi ni uoga, na uoga wa kijana husameheka. Hili la pili si la kijana. Hili unalifanya kila mwezi, pesa zikiingia.

Turudi kwenye zile taa. Unataka kuomba msamaha kwa maikrofoni. Fikiri ni nani mwenye maikrofoni ya pili. Hakuna. Mwenzako atakuwa kwenye kiti, taa imemchoma usoni, maelfu wanalitaja jina lake, kamera mbili juu yake, na ana njia mbili tu. Akipanda, amekusamehe, apende asipende, na picha zitasambaa kuthibitisha. Akikataa, yeye ndiye mwenye roho mbaya katika mji ambao Jumatatu atafungua kibanda chake cha redio na wewe umeshapanda ndege. Hilo ni jeshi umelileta limbane mtu asamehe, na meneja wako anataka kulipiga picha. Dada yako ameliona, na wala hakuhitaji kukaa mlangoni miaka mingi kama mimi.

Mwezi Agosti 1962 Pete Best alitolewa kwenye The Beatles baada ya kupiga nao dramu miaka miwili. Wenzake hawakumwambia wenyewe. Walimwachia meneja wao, Brian Epstein, amwite ofisini amweleze. (Wewe ulitumia simu, angalau kidole kilikuwa chako.) Miezi michache baadaye dunia ikawa yao, naye akabaki Liverpool. Kilichomfikia hatimaye hakikuwa mwaliko wa jukwaani. Mwaka 1995 bendi ilitoa mkusanyo wa rekodi za zamani, zikiwamo alizopiga yeye, na akalipwa mirabaha yake. Kama waliwahi kukumbatiana ni habari nyingine, lakini kazi ilipotumika, mwenye kazi alilipwa.

Hayo mengine uliyoyaita madogo ni madogo kweli, nayapitia haraka.

Mwalimu usimtaje. Mwezi Agosti 1970 Janis Joplin, mwimbaji wa roki wa Marekani, akiwa kwenye kilele cha jina lake, alirudi Port Arthur, Texas, kwa mkutano wa watu waliomaliza naye shule mwaka 1960. Alikuwa ameshasema kwenye televisheni jinsi walivyomcheka hadi akahama mji. Alifika na manyoya kichwani, miwani, mabangili, waandishi wakimfuata. Wakaanza kumuuliza maswali ya siku za shule, na sauti ile iliyokuwa ikipasua viwanja ikawa ndogo. Unakwenda kuwaonyesha watu, kumbe wao ndio wanakutazama. Mwalimu wako, kama yu hai, huenda hata hakumbuki. Ukimtaja, utakuwa umemfanya mtu mashuhuri kwa gharama ya wimbo mmoja.

Mama asikae mbele kabisa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza sauti kwenye kumbi za muziki isizidi wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15, na wewe unajua chini ya spika zenu kunakuwaje. Mkalishe karibu na meza ya fundi mitambo, mahali ambapo sauti ndiyo inapimwa, na umpe vizibo vya masikio. Ataona vizuri zaidi na atasikia maneno. Mama akisikia maneno anafurahi kuliko akiona viatu vyako kwa karibu.

Wanaotaka kuingia bure: mpe meneja idadi moja, isiongezeke, na waambie watu wote wampigie yeye. Hiyo ndiyo kazi ya meneja, siyo kuongeza kamera. Dada yako atolewe kwenye jambo hilo leo.

Kuhusu manung'uniko ya mtaani, mwanamuziki wa roki Bruce Springsteen alipata ufumbuzi ninaoupenda. Tarehe 8 Novemba 1996 alipiga peke yake kwenye ukumbi wa michezo wa shule aliyosoma utotoni, Freehold, New Jersey, na tiketi ziliuzwa kwa wakazi wa Freehold tu. Kama unaweza kupata ukumbi mdogo usiku mmoja kabla ya uwanja, gitaa na sauti basi, fanya hivyo. Kama huwezi, usijaribu kuwaeleza watu jukwaani kwa nini hukuweza. Wimbo mmoja zaidi watauthamini kuliko maelezo.

Sasa mwenzako. Nenda mapema, na siyo siku ya tamasha wala kesho yake. Mpiga gitaa Jimi Hendrix alirudi Seattle, mji aliozaliwa, tarehe 12 Februari 1968 baada ya karibu miaka saba, akapiga usiku, baba yake yupo, na asubuhi iliyofuata, akiwa hajalala vya kutosha, akapelekwa kwenye shule yake ya zamani kusema na wanafunzi. Akajikuta hana maneno. Yule mtu aliyelizungumzisha gitaa kuliko mwanadamu yeyote alijibu maswali machache tu akaondoka. Usiku kama ule unamaliza mwili wa mtu, na mazungumzo yako na mwenzako yanahitaji mwili mzima. Nenda wiki mbili kabla ya tamasha. Siku ya kazi ya kawaida, asubuhi, bila meneja, bila dereva anayekusubiri nje na injini inawaka.

Kabla ya hapo ongea na prodyuza. Usiruke hatua hii, maana mgao ukibadilika na chake kinapungua, na bila saini yake utakuwa unampelekea mwenzako maneno matupu. Prodyuza atakuambia mambo yaliyopita yameshapita. Mwulize alitunga nini katika mlio wa mwanzo. Subiri jibu, hata likichelewa.

Kisha chukua karatasi ya mgao, ile inayoonyesha kila mtunzi anapata asilimia ngapi. Andika jina la wimbo, jina la mwenzako kama mtunzi, na mahali pa asilimia paache wazi. Usifike umeshajaza. Ukijaza, unakuwa yuleyule wa kwenye basi, uliyeamua peke yako kisha ukatoa taarifa. Beba pia hesabu za mirabaha ya miaka yote mitatu, zile halisi zenye tarehe, maana malipo ya nyuma nayo yamo, hata kama hakuna jaji aliyekulazimisha. Mwambie atafute mwanasheria anayemtaka yeye, na gharama ni zako. Mkishakubaliana, barua moja iende kwa mchapishaji wenu wa muziki, anayesimamia haki za nyimbo zenu, na nyingine kwa chama cha mirabaha ili uandikishwaji ubadilishwe. Ukiharakisha, kwenye ile fomu ya usiku wa tamasha jina lake litakuwamo. Hilo ningelipigania kuliko taa yoyote.

Utaanza kusema nini? Sijui kama ana maneno anayotaka kuyasikia. Anza na lililo zito: "Mlio ule ni wako, na nimekula pesa yako miaka mitatu." Usianze na basi. La basi litakuja lenyewe, naye ndiye atakayelileta, au hatalileta. Asipoacha kulehemu, mwache alehemu, nawe kaa. Mafundi husikiliza mikono ikiwa kazini.

Tamasha usiligusie mpaka yeye aligusie. Akiuliza, mwambie nafasi ya kupiga ipo, ya wimbo mmoja au ya shoo nzima au ya kukaa nyuma ya jukwaa na kuangalia, na kwamba karatasi ile haitegemei jibu lake. Na kama akichagua kupiga, afanye majaribio ya sauti kama wenzake, apewe spika yake ya kujisikia, apangiwe ujira wake wa usiku. Mtu ambaye hajagusa jukwaa miaka kumi na mmoja asishtukizwe mbele ya uwanja; vidole vina haya kuliko uso. Akisema hataki, basi mpiga solo wako wa sasa atapiga kama kawaida, na wewe kabla ya wimbo utasema sentensi moja, kama mwenyewe ameiruhusu: mlio huu umetungwa na fulani wa mji huu. Usiongeze neno.

Kuhusu gitaa. Umepanga kulisimamisha jukwaani kama pambo, na humu kwenye barua umeliita "gitaa lake". Kwa hiyo si lako kulipanga. Lichukue kwa dada yako, lifute vumbi, mpelekee siku hiyohiyo pamoja na karatasi. Usilitie nyuzi mpya, na ile skrubu ya uzi wa tatu usiiguse. Yeye ndiye mwenye bisibisi.

Shangazi